Nyimbo Zilizoamia Mpunga

Dinah aliniambia mara moja tu, na Dinah akishasema harudii.

"Siku ya harusi sitoki ndani mpaka niusikie wimbo wetu. Mkija na kwaya, sitoki. Mkija na ngoma, sitoki. Na ukijaribu kuuimba wewe mwenyewe kwa mdomo wako, Caleb, hapo ndiyo sitatoka kabisa."

Hilo la mwisho sikubishana naye. Mungu amenijalia mengi, lakini sauti aliwapa wengine wa kwetu, mimi nikapewa mdomo mtupu.

Wimbo wenyewe tuliupata kwenye maji. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, mto Tana ulipoacha njia yake ukalala popote ulipotaka, sisi tulikimbilia mwinuko mmoja na watu wa kina Dinah wakakimbilia mwingine. Katikati kulikuwa na maji, magogo na viboko. Wengine waliokoa mahindi, wengine waliokoa kuku. Mimi niliokoa redio yangu ya CD, betri ya trekta na sanduku la CD nilizoletewa na kaka yangu Nehemiah, baharia wa meli za mizigo, ambaye akirudi nyumbani haleti mashati wala sabuni, analeta muziki. Mama alinitazama nikishuka kwenye mtumbwi na mzigo ule, akasema, "Leo tutapika gitaa." Kisha akaninunia mpaka chakula cha msaada kilipofika.

Kila jioni nilipiga rumba moja. Gitaa lake linaanza polepole, linazunguka, halafu linanyamaza kidogo kabla muziki haujakolea. Jioni moja, kwenye kile kimya, mtu wa ng'ambo akapiga karai. Ta-ta, ta! Nikaurudisha wimbo mwanzo. Ulipofika palepale, ta-ta, ta!

Basi nikapenda. Nilimpenda mpiga karai kabla sijajua kama ni msichana, ni babu, au ni mpishi wa msaada. Maji yalipopungua nilivuka nikaenda nikiuliza nyumba kwa nyumba, nani alikuwa anapiga karai, mpaka akatoka msichana mrefu mwenye macho ya kucheka, na karai limebonyea upande mmoja. Akaniambia, "Umechelewa."

Kwa hiyo mjue kwamba wimbo ule haukuwa madaha ya bi harusi. Ulikuwa ndio mahari yenyewe, hizo nyingine walizokula wajomba zake zilikuwa nyongeza.

Harusi tuliipanga Agosti ya tisini na tisa, kijijini Ngao, nyumbani kwao. Mimi nilikuwa na kibanda cha muziki Garsen. Nilirekodi kaseti na kupiga muziki kwenye sherehe, na CD zangu zilikuwa zimeanza kuzeeka. Vumbi la Garsen linaingia hata kwenye yai. Ndipo binamu yangu Tom, anayetengeneza kompyuta Mombasa, akashuka kwenye basi amekumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa.

"Nitaingiza CD zako zote humu," alisema. "Zote. Hutabadilisha CD tena maisha yako. Unabonyeza tu. Hii inaitwa seva."

"Seva ndiyo nini?" aliuliza Bishara, mwenye hoteli inayotazamana na kibanda changu. Bishara hakubali kitu kiingie mtaani bila kukihoji.

"Ni kama wewe, mama. Mteja anakaa, anaagiza, unampelekea. Hii nayo mtu anaagiza wimbo, inampelekea."

Bishara akaizunguka kompyuta akiitazama kama mfanyakazi mwenzake aliyeletwa bila yeye kuulizwa. "Na vyombo, hii naosha?"

Tulianza kazi siku hiyohiyo, kwa umeme wa jenereta ya Bishara mwenyewe. CD inaingia, inanguruma tumboni, inatoka, na pale kwenye kioo majina ya nyimbo yanatokea moja moja. Kila CD ilichukua muda wa kula chapati na maharage na kusengenya mtu mmoja. Tom hakulala. Mimi sikulala. Garsen nzima ilipita kuona. Wazee walioniita mvivu wa Ngao sasa waliniita fundi, na mimi, kusema kweli, nilivimba kichwa, nikaanza kutembea nimeweka kalamu sikioni ingawa hakuna nilichokuwa naandika.

CD ya mwisho ilipotoka tulipiga kelele mpaka punda wa wauza maji wakajibu.

Kisha Tom akavuta waya mpaka hotelini kwa Bishara, na mwingine mpaka kwa Mukhtar kinyozi, akaweka spika kila upande. Hapo ndipo vita vilipoanza, maana seva ilikuwa moja na wimbo ulikuwa mmoja kwa wote. Bishara alitaka taarabu ili watu wakae wanywe chai ya pili. Mukhtar alitaka nyimbo za Kisomali. Kila mmoja alisimama mlangoni kwake akiniagiza kwa kupaza sauti, na mimi nikawa mhudumu wa mhudumu. Wimbo ukibadilika ghafla, mkono wa Mukhtar nao unabadilika mwendo. Kuna mwalimu mmoja alitoka pale upande wa kushoto amenyolewa taarabu, upande wa kulia amenyolewa kitu kingine. Tulicheka wiki nzima. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, furaha ya kuamka na kukuta bado ipo.

Mama naye alikuja kutoka Ngao kuiona. Alimkuta Tom amelala chini ya meza, hoi, na mimi nimekaa katikati ya CD zangu.

"Nyimbo zote zimo humo ndani?"

"Zote, Mama. Tumezihamisha."

"Na hizi?"

"Hizo sasa ni maganda."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoamini, na si mimi peke yangu, hata Bishara na Mukhtar waliamini hivyo. Sisi watu wa Tana tunajua kuhama. Mto ukikuhamisha, unabeba milango, unabeba vyungu, unabeba mpaka jiwe la kunolea panga, na nyumba ya zamani unawaachia popo. Wafugaji ndio kabisa, wakihama wanabeba nyumba yenyewe mgongoni mwa mnyama. Nani aliwahi kuhama akabaki?

Mama akainua CD moja akaigeuza juani. Mwanga ukaruka ukutani, ukampiga Mukhtar jicho ng'ambo ya barabara.

"Zinang'aa," akasema.

Akazitia zote kwenye kapu, akaondoka nazo. Nilidhani anataka kupambia nyumba kwa ajili ya harusi.

Jumamosi ya harusi tulifika Ngao na pikapu, kompyuta imefungwa kwa magodoro mawili. Bishara alikuja na dera la rangi ya embe, Mukhtar na kofia mpya, na mimi nilikuwa na suti ya kijivu iliyoniwasha kila mahali. Tulipanga spika mbele ya nyumba ya kina Dinah. Mlangoni alisimama Shangazi Asenath, dada wa baba yake, mwanamke ambaye akisimama mlangoni hakuna haja ya mlango.

"Bwana harusi," akasema, "mwenzako yuko tayari. Anangoja wimbo."

"Tom, bonyeza!" nikasema, kwa sauti ya mtu aliyenunua dunia.

Jenereta tuliyoazima ilikohoa. Ikakohoa tena, halafu ikaruka kama imekanyagwa mkia, taa ya kompyuta ikawaka kwa ukali ambao sijauona tena, kisha pap! Moshi mwembamba ukatoka nyuma yake ukinuka plastiki.

Tom akaifungua. Akachungulia ndani, akapangusa masizi kwa kidole.

"Imeenda," alisema.

"Imeenda wapi?"

"Imekufa, Caleb. Diski imeungua. Yote yaliyokuwamo."

Niliipiga jenereta teke. Ilikuwa ya chuma na kiatu changu kilikuwa kipya, kwa hiyo niliumia mimi. Nikapiga la pili kwa sababu ya uchungu wa la kwanza.

Sauti ya Dinah ikatoka ndani. "Caleb! Wimbo uko wapi?"

"Uko njiani!" nikajibu.

Mchungaji akanisogelea akitazama saa yake. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa na ratiba. "Kijana, nina harusi nyingine Tarasaa. Nikiondoka hapa bila kuwafungisha, mtaningoja mpaka nirudi kutoka mikutano ya sinodi. Mwezi ujao, labda."

Nikamwomba Shangazi amwulize Dinah kama kwaya ingefaa, kwaya ilikuwa hapo, imevaa, imejipanga. Shangazi aliingia, akatoka.

"Amesema hapana. Amesema unajua kwa nini."

Nilijua. Ndiyo maana machozi yalinilenga, mbele ya wajomba zake wote. Nilimwona tena ng'ambo ya maji, hata sura yake sikuwa naijua, anajaza kile kimya kwa karai ili nijue kuna mtu. Alikuwa ananiomba kitu kimoja tu maishani, na mimi nimekichoma moto kwa kupenda makuu.

"Sasa mbona mnalia kama mmefiwa?" Tom akauliza. "Redio yako ya zamani si iko kwenye pikapu? Leta CD tupige."

"CD zitapiga nini? Si tulizihamisha nyimbo?"

Tom akaniangalia. Akamwangalia Bishara. Bishara akaitikia kwa kichwa kumthibitishia kwamba ndiyo, CD ni tupu, kila mtu anajua.

"Jamani," alisema Tom polepole. "Jirani akija kuomba kaa la moto, jiko lako linazimika?"

Akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nyimbo bado zimo! Zilikuwamo siku zote! Nilichukua kaa, sikuhamisha jiko!"

Nilimkumbatia Tom, nikambusu kipaji cha uso, nikamkumbatia na Mukhtar ingawa hakuwa amefanya lolote. Kisha nikauliza, "Basi, CD ziko wapi?" na watu wote, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Mama.

Mama alikuwa anarekebisha kitenge chake kipya, macho yake yametazama upande wa mto.

"Ziko kazini," akasema.

Tulikimbia. Nyuma ya kijiji, ng'ambo ya mfereji, shamba la Mama la mpunga lilikuwa linawaka. Kila mahali alichimbia kijiti, kila kijiti kina uzi, kila uzi una CD inayozunguka kwa upepo na kurusha vipande vya mwanga juu ya masuke. Taarabu, benga, rumba, nyimbo za Kisomali, za injili, zote zinaning'inia pale zinaamia mpunga usiliwe na ndege. Na kweli, hakukuwa na ndege hata mmoja. Walikuwa wamejaa kwenye miti ya ng'ambo, kwelea kwa mamia, wanatusonya.

Nilipotaka kuingia, Mama alikuwa amenitangulia. Sijui alipita wapi na kile kitenge. Alisimama ukingoni, mikono ameitandaza.

"Hakuna atakayegusa! Mwaka juzi maji yalikula. Mwaka jana ndege walikula, nikaamia kwa mdomo mpaka sauti ikakatika na bado nikavuna kapu moja. Mwaka huu ndio kwanza nimelala usingizi. Mkitoa hizi, wale pale," akawanyooshea kidole kwelea, "watamaliza shamba kabla hamjafika kanisani."

"Mama, Dinah hatatoka!"

"Na mpunga usipotoka, huyo Dinah utamlisha kompyuta?"

Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na mchungaji alikuwa na saa. Mama akatutazama sote, wageni wa harusi tumejipanga ukingoni na manukato yetu. Nikaona uso wake unalegea kidogo, ule ulegevu wa mtu aliyepata wazo.

"Haya. Kila CD itakayotoka, mtu aingie mahali pake."

Wakaingia! Sikuamini macho yangu. Wajomba walikunja suruali. Kwaya iliinua majoho. Mukhtar aliweka kofia yake kwenye kijiti na kuingia topeni akipiga makofi, na Bishara na dera lake la embe akasimama katikati ya shamba anapunga ushungi.

"Mimi mtu ya ng'ombe!" alipiga kelele, anacheka mpaka anayumba. "Leo nachunga ndege! Mkiambia watu ya kwetu, nakataa!"

"Haaa! Huuu! Shhhaa!" Shamba zima likavuma. Kwaya ilipoona kupiga kelele ovyo hakupendezi, ikaanza kuamia kwa sauti nne. Hata mchungaji niligeuka nikamwona amevua viatu, amesimama kwenye tuta, anawakemea kwelea kwa vidole viwili vile vya kubarikia.

Mimi na Tom tulikata nyuzi moja baada ya nyingine. Ile yangu niliijua kwa alama, nilikuwa nimeichora karai dogo kwa kalamu ya wino. Nilitoa, nikatazama, siyo. Nikatoa nyingine, siyo. Tope lilinifika magotini, suti ikaacha kuniwasha kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Tulimaliza safu za huku, tukamaliza za kule, na kila palipotoka CD palisimama mgeni anayepiga mayowe. Mwishowe hakikubaki kijiti chenye kitu, na karai sikuliona.

"Haimo," nikamwambia Mama. "Ile yenye karai haimo."

"Ya karai?" Mama alikuwa ameketi kwenye dungu lake, jukwaa la miti analokaa kuamia, miguu inaning'inia, anawatazama wageni wake kwa raha. Akainua mkono juu ya kichwa chake, kwenye kivuli cha makuti, akaifungua. "Hii niliitundika hapa kwangu. Nilijua ni ya mkwe wangu. Ungeuliza mapema."

"Mama!"

"Shamba limesimamiwa vizuri leo," alisema. "Kimbia, mwanangu."

Nikakimbia na tope langu, Tom nyuma yangu. Nyuma ya Tom kwaya, nyuma ya kwaya Bishara ameshika viatu mkononi. Wajomba wawili Mama aliwakatalia kutoka mpaka nyuzi zifungwe tena. Tukachukua redio ya zamani, tukaiunga na betri ya pikapu. Ndege mmoja jasiri alikuwa ameiwekea CD sahihi yake nyeupe. Niliifuta kwa shati, nikaipulizia, nikaitia ndani, nikafunga macho.

Gitaa likaanza.

Lo! Polepole, kama zamani, lilelile. Lilikuwa na mikwaruzo kidogo, vumbi na upepo vilikuwa vimelila, lakini lilikuwa gitaa letu. Watu walipiga vigelegele. Shangazi Asenath akaanza kutikisa mabega bila kujijua. Gitaa likazunguka, likapanda, likafika pale linaponyamaza kabla ya kukolea.

Likanyamaza.

Halikuendelea. Redio ilizungusha CD, ikatoa mlio mdogo wa kukwama, ikatulia kabisa. Tom aliipiga kofi, ikabaki kimya. Vigelegele vikafa. Niliutazama ule mlango na nikajua nimemkosa, mwezi mzima, labda zaidi, labda na wajomba watabadili mawazo, na nikawa sina hata nguvu ya kupiga kitu teke.

Ndipo kutoka ndani, nyuma ya mgongo wa Shangazi, tukasikia.

Ta-ta, ta!

Watu wote wakaugeukia mlango.

Ta-ta, ta!

Shangazi Asenath akasogea, na mimi sikuwahi kufikiri mwili ule unaweza kusogea haraka hivyo. Dinah akatoka kwenye mwanga, gauni jeupe mpaka chini, na mkononi karai lililobonyea upande mmoja. Alikuwa amelificha chini ya kitanda chake tangu asubuhi, akingoja kimya chake.

Alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, tope, suti, na suke moja la mpunga lililonasa kwenye tai. Macho yake yalikuwa yanacheka na yana machozi.

"Wimbo umekwama," nikamwambia, kama mjinga.

"Nimesikia."

Akapiga karai tena, ta-ta, ta, polepole, akanitazama kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake. Nyuma yetu redio ilikuwa imekufa, na mchungaji alikuwa anapangusa miguu.

"Ulisema nikiimba hutoki kabisa," nikasema.

"Sasa si nimeshatoka?" alisema Dinah. "Imba."